Sauti Iliyotoka Dar es Salaam

1. Sanduku la babu

Piyaya ni mahali katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, upande wa kaskazini wa Tanzania. Ni nchi ya majani na upepo, na wenyeji wake ni Wamasai, watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kutoka Piyaya hata Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 600. Na mtu aendaye kwa gari husafiri mwendo mrefu kuliko huo, kwa kuwa njia huzunguka milima na mabonde.

Katika boma moja la huko alikaa mzee mmoja aliyekuwa na redio ya zamani. Redio hiyo ilifungwa kwa ukanda wa ngozi, mfuniko wa betri umepotea, wala haikusema tena. Siku moja mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alimwuliza, "Babu, kitu hiki ni kibovu, mbona hukitupi?"

Mzee akajibu, "Mjukuu wangu, sanduku hili lilinifundisha kusema kweli. Keti, nikueleze. Lakini kwanza yakupasa kujua sauti ile ilitoka wapi, ni nani walioituma, na kwa nini sasa jina lake halisikiwi tena."

Basi habari za sauti ile ni hizi.

2. Jinsi sauti inavyovuka nchi

Sauti ya mtu ikipita hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde moja, na upesi huchoka. Mchungaji akipiga ukelele juu ya kilima husikiwa katika bonde la pili, labda na la tatu, kisha basi. Lakini katika chumba cha matangazo sauti hugeuzwa kuwa umeme. Umeme huo hupelekwa kwenye mlingoti mrefu, na mlingoti hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho, yaendayo mbio kama nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Redio huyanasa mawimbi hayo na kuyageuza kuwa sauti tena. Watu wa zamani, walipoona ajabu hiyo ya maneno kusafiri pasipo waya, waliiita simu ya upepo.

Mawimbi ni ya namna nyingi. Yale yaitwayo ya masafa ya kati huenda mbali zaidi usiku kuliko mchana. Yale ya masafa mafupi hupanda juu sana, yakapiga tabaka la hewa lenye umeme, zaidi ya kilomita 100 juu ya nchi, yakarudishwa chini kama mpira upigwao ukutani. Ndiyo maana kituo kimoja cha masafa mafupi kiliweza kusikiwa pwani na bara, na hata katika nchi za mbali.

Tazama ajabu hii. Mtu akinena katika chumba cha Dar es Salaam, neno lake huweza kufika Piyaya kwa mawimbi kabla halijafika kwa hewa katika masikio ya mwenziwe aliyeketi hatua mbili mbele yake.

3. Mwanzo wake na majina yake

Matangazo ya redio katika Tanganyika yalianza mwaka 1951, wakati wa utawala wa Waingereza. Kituo kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam, na jina hilo lilikuwa la haki, maana hapo kwanza mitambo yake ilikuwa midogo, na waliosikia walikuwa watu wa mji ule na jirani zake tu. Ilipopata nguvu zaidi ikaitwa Sauti ya Tanganyika. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi tatu, TBC, kwa mfano wa shirika la utangazaji la Uingereza.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika lile na kuichukua redio mikononi mwake. Tangu hapo ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu wengi waliifupisha kwa herufi RTD. Huko Zanzibar palikuwa na kituo kingine, ambacho nacho kilianza mwaka 1951, kikaitwa Sauti ya Unguja.

Televisheni ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa miaka yote hiyo redio ilikuwa macho na masikio ya watu wa bara. Magazeti yalichukua siku nyingi kufika mashambani, na katika maboma mengi hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Redio haikungoja gari wala haikuuliza kama msikilizaji ajua kusoma. Iliuliza jambo moja tu: je, betri ziko?

Nazo betri zilikuwa ghali. Zilipochoka, watu walizitoa na kuzianika juani, kwa kuwa walijua kwamba betri iliyopata joto huweza kusema kidogo tena. Katika boma lenye redio moja, watu hawakuifungua ovyo. Waliitunza kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo makubwa, kama mtu atunzavyo maji wakati wa kiangazi.

4. Vipindi vyake

Radio Tanzania ilikuwa na idhaa zaidi ya moja. Idhaa ya Taifa ilisema kwa Kiswahili na watu wote wa nchi. Idhaa ya Biashara ilichukua matangazo ya bidhaa. Idhaa ya Nje ilisema na watu wa nchi nyingine. Palikuwa na masomo kwa ajili ya shule pia, na mara nyingi darasa zima lilikaa kimya mbele ya sanduku moja.

Saa mbili usiku palisikika mlio wa ngoma, na baada yake taarifa ya habari. Wakati huo mazungumzo yalikatika, na hata watoto walinyamazishwa. Palikuwa na matangazo ya vifo pia. Mtu akifa mjini, ndugu zake walipeleka tangazo redioni, na jamaa zao walio mbali wakasikia jina la marehemu na mahali pa maziko. Mahali pasipokuwa na simu wala posta ya karibu, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya upesi ya kumwita mtu aje kuomboleza. Wagonjwa waliolala hospitali nao hawakusahauliwa. Palikuwa na kipindi cha kuwapelekea salamu, jina lake Ugua Pole.

Watoto walikipenda sana kipindi cha Mama na Mwana, ambacho ndani yake Debora Mwenda alisimulia hadithi kwa sauti ya upole, kama bibi asimuliaye kando ya moto. Watu wazima walicheka kwa mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili waliojaribu kuwapunja wengine na mwisho wakajipunja wenyewe. Jina la mchezo huo lilitoka katika methali ya Waswahili, isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi.

Tena Radio Tanzania ilikuwa ghala ya muziki. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani za santuri, kwa hiyo bendi nyingi zilikuja Dar es Salaam kurekodi nyimbo zao katika vyumba vya redio. Ndivyo ziliposikiwa na nchi nzima bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Cuban Marimba na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mfugaji ambaye hakupata kuiona Tanga wala Morogoro alizijua sauti zao.

5. Redio iliyokuwa shule

Katika mambo yote ambayo Radio Tanzania ilitenda, moja lilisifiwa hata nje ya Afrika, nalo ni elimu ya watu wazima. Rais Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi, aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo watu wengi walikuwa hawajui kusoma, na walimu walikuwa wachache. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikashirikiana na redio kufundisha.

Walianza kwa vikundi vichache, ili waijaribu njia yenyewe. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, palikuwa na mafunzo yaliyoitwa Wakati wa Furaha, na watu wapata 20,000 walijifunza. Kisha mwaka 1973 likaja jambo kubwa zaidi, jina lake Mtu ni Afya.

Kusudi la Mtu ni Afya lilikuwa kuwafundisha watu kujikinga na maradhi yaletwayo na uchafu, mbu na maji mabaya, kama malaria, kuhara, safura na kichocho. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi, yapata 75,000. Kisha vitabu vikagawiwa. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi vidogo, wakafuata utaratibu huu. Walisikiliza kipindi. Kiongozi alisoma sehemu ya kitabu. Wakazungumza wakiulizana, "Je, jambo hili lipo kwetu?" Mwisho wakakata shauri la kutenda, na siku iliyofuata wakatenda.

Watu waliojiunga walikuwa wapata milioni 2. Ili kuona ukubwa wa hesabu hiyo, kumbuka kwamba mwaka 1967 nchi yote ilihesabiwa kuwa na watu milioni 12 hivi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi, vichaka vikafyekwa kando ya nyumba, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1975 yakafuata mafunzo mengine, jina lake Chakula ni Uhai, na watu wengi wakajiunga tena.

Hapo ndipo inapoonekana siri ya shule ile. Sauti peke yake haichimbi choo. Mtu aweza kusikia maneno mema kila siku na kubaki vile vile, kama mtu ajitazamaye katika kioo na kwenda zake bila kunawa uso. Redio ilisaidia kwa sababu watu walikaa pamoja, wakalipima neno, wakalitenda.

6. Mkalimani mdogo

Sasa twarudi kwa mzee wa Piyaya. Mwaka ule wa 1973 alikuwa mtoto wa miaka 11, na katika boma lao yeye peke yake alijua Kiswahili vizuri, kwa kuwa yeye peke yake alikwenda shule. Redio ilisema Kiswahili, na wazee walijua Kimasai. Kwa hiyo kila juma, ng'ombe walipokwisha kuingia, watu walikaa kuizunguka redio, naye mtoto akasimama katikati na kuwatafsiria. Wazee wenye fimbo walinyamaza wakimsikiliza mtoto mdogo, naye moyoni akaona fahari.

Usiku mmoja mwezi uling'aa sana, na wenziwe walikuwa nje wakicheza. Redio ilifundisha habari za choo. Ilisema kwamba kichimbwe mbali na maji ya kunywa, tena upande wa chini, ili mvua isije ikatelemsha uchafu katika maji. Mtoto aliyasikia yote, lakini miguu yake ilitaka kwenda kucheza. Akasema kwa ufupi, "Wanasema tuchimbe choo."

Baba yake akauliza, "Tuchimbe wapi?"

Akajibu, "Popote." Kisha akatoka mbio.

Kesho yake wazee wakatafuta udongo laini, wakauona juu kidogo ya chemchemi ambayo watu wote wa boma waliteka maji. Wakachimba siku mbili, na kazi hiyo hawakuizoea.

Siku chache baadaye kiongozi wa kikundi, aliyekuwa mwalimu, alipita kutazama kazi. Alipoliona shimo, kisha akaiona chemchemi chini yake, alishika kichwa. "Ni nani aliyewaambia mchimbe hapa?"

Wazee wakajibu, "Redio."

Mwalimu akafungua kitabu, akasoma. Kisha akasema, "Redio haikusema hivi."

Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akasema kwa uchungu, "Basi sauti ya mjini ina ndimi mbili. Leo yasema hili, kesho lile. Tusiisikilize tena."

Mtoto alisimama nyuma ya watu. Alijua kwamba akinyamaza hapana atakayemshuku. Lawama ingeiangukia redio, na redio haina uso wa kuona haya. Lakini alijua pia kwamba wazee wakiacha kusikiliza, hawatasikia habari za mbu, wala za maji ya kuchemsha, na watoto wadogo wa boma wataendelea kuugua. Moyo wake ulipiga kama ngoma. Akapita mbele, akasema, "Redio haikuwadanganya. Ni mimi. Ilisema mbali na maji, nami nilikata maneno kwa sababu nilitaka kwenda kucheza."

Wote wakamtazama baba yake, wakidhani atampiga. Baba hakumpiga. Alimpa jembe, akamwambia, "Waswahili wasema mjumbe hauawi. Hauawi kwa sababu maneno si yake. Lakini wewe uliyafanya maneno kuwa yako. Basi lifukie shimo."

Mtoto alilifukia shimo kwa siku tatu, mikono ikatoka malengelenge. Kisha akasaidia kuchimba la pili, mbali na maji, upande wa chini. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kutafsiri, wazee walimwuliza, "Umesema yote?" Naye alijibu, "Yote," kwa kuwa yalikuwa yote.

7. Sauti kwa walioonewa

Radio Tanzania haikusema na watu wa Tanzania peke yao. Zamani zile nchi nyingi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado chini ya wageni, au chini ya serikali za watu weupe wachache waliowanyima wenyeji haki zao. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Idhaa ya Nje ikawapa nafasi wapigania uhuru waseme na watu wao. FRELIMO walisema na watu wa Msumbiji, SWAPO na watu wa Namibia, ANC na watu wa Afrika Kusini.

Watu hao waliwasikiliza kwa hatari. Sehemu nyingine iliwabidi kufunga mlango na kuishusha sauti ya redio iwe kama mnong'ono, maana mtu aliyekamatwa akisikiliza aliweza kupata taabu kubwa. Walakini walisikiliza, na miaka haikupita bure. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na mwaka 1994 watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura bila ubaguzi wa rangi.

Watanzania wenyewe waliijua nguvu ya sauti ile mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia nchi upande wa Kagera. Mwezi wa Novemba Rais Nyerere alisema na wananchi, na hotuba yake ikarushwa redioni. Aliwaambia kwamba taifa lina sababu ya kumpiga mvamizi, lina nia, na uwezo linao. Maneno hayo matatu yalifika kila mkoa, na wengi walioyasikia hawajayasahau.

8. Mkwaju, dereva wa lori

Mwaka 1993 ulianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori, jina lake Mkwaju, mlevi na asiye mwaminifu kwa mkewe, Tunu. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju juma kwa juma. Wengine walimcheka, wengine walimkasirikia, wengine walijiona wenyewe ndani yake. Mwisho Mkwaju alipata ugonjwa wa UKIMWI. Tunu naye aliacha kulia tu, akaanza biashara ndogo ya kujitegemea.

Wataalamu walitaka kujua kama mchezo wageuza tabia za watu kweli. Kwa hiyo katika eneo la Dodoma mchezo haukurushwa kwa miaka miwili ya kwanza. Redio ya huko ilitoa vipindi vingine. Kisha wakawapima watu wa sehemu zote mbili. Wakaona kwamba mahali mchezo uliposikiwa, watu waliojilinda na ugonjwa ule, na waliozungumza na wenzi wao habari za uzazi wa mpango, waliongezeka zaidi. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuusikia. Habari za jaribio hilo zimesomwa katika vyuo vya nchi nyingi.

9. Mwisho wa jina

Kwa miaka mingi Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ila ile ya serikali. Mwaka 1993 sheria mpya iliruhusu watu na mashirika kuwa na vituo vyao. Baada ya muda mfupi redio na televisheni za watu binafsi zikaanza, na wasikilizaji wakawa na mahali pengi pa kuchagua. Mwaka 2002 Radio Tanzania Dar es Salaam na televisheni ya taifa ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania. Mwaka 2007 taasisi hiyo nayo ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na herufi zake zikawa zile zile za mwaka 1956, TBC. Idhaa ya Taifa ikaitwa TBC Taifa. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam likabaki katika vinywa vya wazee.

Siku hizi Loliondo kuna redio ya jamii, na mchungaji wa Piyaya aweza kuwa na simu ndogo yenye redio ndani yake. Mambo yamekuwa mepesi. Lakini yaliyokuja kwa wepesi ni rahisi pia kuyasikia bila kuyapima.

10. Sauti zilizowekwa na sauti zilizopotea

Huko Marekani palikuwa na shirika la televisheni lililoitwa DuMont. Lilianza mwaka 1946, likafa mwaka 1956. Michezo yake ilitazamwa na watu wengi, lakini baadaye filamu zake nyingi ziliharibiwa, kwa kuwa hapakuwa na aliyeona faida ya kuzitunza. Leo hata mtu mwenye fedha nyingi hawezi kuitazama sehemu kubwa ya kazi ile.

Radio Tanzania ilipata bahati iliyo njema kuliko hiyo. Mikanda yake mingi, yenye nyimbo za bendi na hotuba za viongozi, imewekwa katika maktaba ya sauti huko Dar es Salaam. Hata hivyo ukanda si jiwe. Joto, vumbi na unyevu huula polepole, kama mchwa alavyo mti, na mashine za kuuchezea huchakaa. Kuihamisha sauti kutoka mikanda ya zamani ni kazi ya subira na gharama. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na sauti bila mtunzaji hupotea hivyo hivyo.

Tena liko jambo ambalo hapana mkanda ulilolitunza, nalo ni yale yaliyotendeka mahali redio iliposikilizwa. Hotuba imo maktabani, lakini mtoto aliyesimama katikati ya wazee akitafsiri hayumo. Hayo hutunzwa na wale waliokuwapo, mpaka siku yao ya mwisho.

11. Daftari

Mzee alipomaliza, mjukuu wake alikaa kimya kidogo. Kisha akachukua redio, akaipangusa vumbi, akairudisha mahali pake. Akaleta daftari lake la shule na kalamu, akaandika habari zile moja moja mpaka jua likatua: mwaka wa kwanza, majina ya vipindi, shimo lililofukiwa na shimo la pili.

Alipomaliza, mzee alimwambia, "Nisomee." Naye akasoma kwa Kiswahili, kisha akatafsiri kwa Kimasai kwa ajili ya bibi yake, aliyekuwa akikamua maziwa karibu.

Mzee akamwuliza, "Umesema yote?"

Mtoto akatazama daftari, akaona kwamba amempunguzia bibi yake neno moja. Hakumwambia kwamba babu alipokuwa mtoto alikata maneno kwa ajili ya mchezo, maana aliona haya kwa niaba yake. Akarudi nyuma, akalisoma na hilo.

"Sasa," akajibu, "nimesema yote."

Maana ya maneno

Idhaa: sehemu ya redio yenye matangazo ya namna yake.
Kamati ya Ukombozi: baraza lililosaidia nchi zilizokuwa bado kupata uhuru.
Kushuku: kumdhania mtu kuwa ametenda jambo baya.
Mkalimani: mtu atafsiriye maneno ya lugha moja kwa lugha nyingine.
Mlingoti: nguzo ndefu; hapa ni ile itoayo mawimbi ya redio.
Santuri: mashine ya zamani ya kupigia sahani za nyimbo.

Maswali

1. Kwa nini redio ya masafa mafupi husikiwa mbali sana?
2. Taja majina yote ya redio ya Tanganyika, kisha Tanzania Bara, tangu mwaka 1951 hata 2007, kila jina na mwaka wake.
3. Vikundi vya Mtu ni Afya vilifanya mambo gani manne, na lipi kati ya hayo ni kubwa kuliko yote? Toa sababu.
4. Kama mtoto angalinyamaza siku ile, watu wa boma wangalipoteza nini?
5. Baba alisema, "Wewe uliyafanya maneno kuwa yako." Eleza maana yake.
6. Kwa nini mchezo wa Twende na Wakati haukurushwa Dodoma hapo kwanza?
7. Mwulize mzee mmoja wa kwenu ni kipindi gani cha redio alichokipenda zamani. Andika jibu lake lote, kisha msomee, umwulize kama umeandika yote.